Chuma si cha Kila Mtoto: Somo Lililotoka Pemba

Agosti 2003, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa utafiti mkubwa wa lishe kisiwani Pemba ilitoa agizo ambalo wachache walilitarajia: watoto wasiendelee kupewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Utafiti ulianza mwaka 2002. Uliongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa chuma na foliki, baadhi zinki, baadhi vyote kwa pamoja, na waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kiwango hakikuwa cha kutisha hata kidogo: miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za foliki kwa siku, na nusu ya hapo kwa wasiotimiza mwaka.

Watafiti walitumaini kuona vifo vikipungua, lakini hesabu za watoto 24,076 zikaja na habari nyingine. Katika kundi lililopewa chuma na foliki, hatari ya mtoto kufariki au kuugua hadi kulazwa ilikuwa juu kwa asilimia 12 kuliko katika kundi lililopewa kidonge kitupu. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet, Januari 2006, wataalamu wa lishe duniani walilazimika kuyafikiria upya mambo waliyokuwa wakiyafundisha kwa miaka mingi.

Nayaeleza haya kwa sababu mpaka leo tunavizungumzia vitamini na madini kana kwamba kila kinachoongezwa mwilini ni faida tupu. Mtoto akionekana mweupe wa viganja, mzazi anakwenda duka la dawa na kurudi na chupa ya dawa ya kuongeza damu. Nia yake ni njema. Lakini kirutubisho hakifanyi kazi peke yake. Kinaingia katika mwili wenye hali yake na maradhi yake, na hali hiyo ndiyo inayoamua kama kitamfaa mtoto au kitamdhuru.

Tuanze na kazi yenyewe ya chuma. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za madini haya mwilini, na karibu theluthi mbili zimo ndani ya himoglobini, ile protini inayozipa chembe nyekundu za damu rangi yake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Chuma kikipungua, uboho wa mifupa hutengeneza chembe ndogo zilizopauka. Mtoto huchoka upesi, hukosa hamu ya kula, na ubongo wake, ambao miaka miwili ya mwanzo unakua kwa kasi kubwa, hukosa kitu unachokihitaji. Kabla ya utafiti wa 2002, Rebecca Stoltzfus na wenzake walifanya utafiti mwingine huko huko Pemba kwa watoto 614 wa miezi 6 hadi 59. Matokeo yake yalitoka katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, mwaka 2001: watoto waliopewa chuma kila siku walipiga hatua zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri zaidi katika kukaa, kusimama na kutembea. Kwa hiyo chuma ni cha lazima, na hakuna mtaalamu anayelipinga hilo.

Tatizo ni kwamba chuma hakihitajiwi na binadamu peke yake. Vimelea vya malaria vinakihitaji, na bakteria karibu wote wanaotuletea maradhi wanakihitaji pia ili wazaliane. Mwili unalijua hilo, na umejiwekea ulinzi. Maambukizi yakiingia, ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hepsidini hufanya kazi kama mwenye ghala anayefunga milango akisikia wezi wako mtaani: chuma kilichoko utumboni hakipiti kuingia damuni, na kilichohifadhiwa kwenye ini na wengu hakitolewi. Damu ya mgonjwa hubaki na chuma kidogo kinachozunguka, na adui hukosa chakula.

Sasa mpe mtoto dozi nzima ya chuma kwa mkupuo mmoja. Kama akiba yake ilikuwa ndogo na hana maradhi, mwili utakipokea na kukipeleka unakotaka. Kama akiba yake ilishatosha, chuma huingia kwa kasi inayoweza kuzidi uwezo wa protini zinazokibeba, na kinachobaki huru hutumiwa na vimelea. Kama ana maambukizi na milango imefungwa, sehemu kubwa ya dozi hubaki utumboni, ambako huwalisha bakteria wabaya kuliko wale wema. Nchini Kenya, watafiti waliowapa watoto wachanga uji uliochanganywa na unga wa virutubisho wenye chuma waliona jambo hilo hilo: bakteria wa kuleta maradhi waliongezeka na utumbo ukapata uvimbe.

Ndani ya utafiti wa Pemba kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, ikiwamo kupimwa na kutibiwa malaria. Matokeo ya kundi hilo hayakusambaa kama yale makuu, ingawa kwangu mimi ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Kwa watoto waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo, kupewa chuma kuliwapunguzia hatari ya matatizo makubwa karibu kwa nusu. Kisiwa kilikuwa kimoja na dawa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni hali ya mtoto aliyeipokea na huduma iliyomzunguka. Utafiti mwenzake uliofanywa Nepal, mahali ambapo malaria ni chache, haukuonyesha madhara yale.

Foliki nayo ina lake la kuangaliwa. Ni vitamini inayosaidia chembe kugawanyika, na mama mjamzito anaihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri. Lakini dawa ya malaria ya SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, huua vimelea kwa kuvinyima foliki. Foliki nyingi, kama kile kidonge cha miligramu 5, huipunguzia SP nguvu. Ndiyo maana mjamzito anayemeza SP kujikinga na malaria hupewa foliki kwa kiwango kidogo, mikrogramu 400 kwa siku, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za chuma. Ninaomba hili lisichanganywe: utafiti wa 2002 ulihusu watoto wadogo. Mama mjamzito asiache vidonge alivyopewa kliniki kwa sababu ya makala hii.

Shirika la Afya Duniani lilibadili msimamo wake baada ya Pemba. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba palipo na malaria, mtoto apewe chuma sambamba na huduma za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Zanzibar yenyewe imebadilika sana. Dawa mseto za malaria zilianza kutumika mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani vikafuata, na ndani ya miaka michache idadi ya wanaokutwa na vimelea ikashuka chini ya asilimia 1. Pemba ya leo si ile ya utafiti ule. Hata hivyo malaria haijaisha, na kila msimu wa mvua hutukumbusha.

Upande wa zinki habari ilikuwa ya kutia moyo. Kundi la zinki liliendelea baada ya chuma kusimamishwa, na mwaka 2007 matokeo ya watoto 42,546 yalichapishwa. Kwa watoto wote kwa jumla, vifo vilipungua kwa asilimia 7, kiasi ambacho kinaweza kuwa kimetokea kwa bahati tu. Kwa waliozidi mwaka mmoja, upungufu ulifika asilimia 18. Zinki inahitajiwa na mamia ya vimeng'enya, na kazi yake huonekana zaidi pale chembe zinapozaliana kwa haraka, yaani kwenye ngozi, kwenye ukuta wa utumbo na katika askari wa kinga. Tena mwili hauna akiba yake ya kutegemea kama ulivyo na akiba ya chuma kwenye ini. Mtoto akiharisha siku tatu, zinki nyingi imekwenda na maji. Kwa sababu hiyo mtoto anayeharisha hupewa zinki pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Wazazi wengi huacha kumpa mtoto vidonge mara kuharisha kunapokoma. Vidonge vilivyobaki ndivyo vinavyojenga upya utumbo, kwa hiyo vimalizwe.

Nirudi kwenye damu. Kule kudhani kwamba kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma kumetupotosha sana. Stoltzfus na wenzake waliona Pemba kwamba chuma cha kila siku kiliongeza akiba na kurudisha hamu ya kula, lakini hakikuondoa upungufu wa damu wenyewe. Dawa ya minyoo iliyotolewa kila baada ya miezi mitatu ndiyo iliyosaidia damu, pamoja na ukuaji wa mtoto. Malaria huvunja chembe nyekundu. Seli mundu, ambayo ipo katika familia nyingi za pwani, nayo huzivunja. Minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo na kufyonza: mnyoo mmoja wa aina mojawapo hunyonya hadi mililita 0.2 za damu kwa siku, na mtoto anaweza kubeba makumi yake. Viluwiluwi vyake hupenya kwenye nyayo za anayekwenda peku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kumpa chuma mtoto wa namna hiyo bila kumpa dawa ya minyoo, viatu na choo ni kuwalisha minyoo.

Na chakula? Chuma cha samaki, nyama na maini huingia mwilini kwa wepesi zaidi kuliko cha mchicha, kisamvu au kunde, ambacho hufyonzwa kidogo tu. Lakini vitamini C hukifungulia njia. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au kipande cha embe au papai baada ya mlo, hubadilisha kiasi anachokipata mtoto kutoka sahani ile ile. Chai hufanya kinyume, kwa kuwa tanini zake hukishika chuma kisipite. Chai ya rangi na muhogo asubuhi, siku nenda siku rudi, ni mlo unaoshibisha tumbo na kuacha damu na njaa. Chai isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Dagaa wakisagwa wakatiwa kwenye uji, mtoto wa miezi saba anapata chuma, zinki na kalisi kwa pamoja, na bei yake hailingani na ya chupa yoyote ya dukani. Wala tusidhani bahari inatutosheleza kwa kila kitu. Pemba iliwahi kukutwa na upungufu wa madini joto ingawa imezungukwa na maji ya chumvi, kwa sababu chumvi iliyokuwa ikitumika majumbani haikuwa imetiwa madini hayo.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na akiba ya chuma ya miezi sita hivi, hasa kama mkunga alisubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kufunga kitovu. Baada ya hapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi, na hapo ndipo uangalizi unapohitajika. Ukiona mwanao amepauka, anachoka au anakula udongo, mpeleke kituo cha afya kwanza. Omba apimwe wingi wa damu na malaria, uliza juu ya minyoo na seli mundu, na umwambie mhudumu kila dawa unayompa nyumbani. Akisema mtoto anahitaji chuma, mpe bila hofu, kwa kiwango alichoandika na kwa muda wote aliotaja, na usiku alale ndani ya chandarua.