Mradi na Wenyewe (2): Kondoa na Shinyanga

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza maana ya tathmini ya kijamii, yaani kuchunguza mradi utawagusaje watu kabla haujaanza. Safari hii tuitazame katika miradi miwili ya hifadhi ya ardhi nchini Tanzania.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Makorongo yalikuwa yameila wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, na matuta ya kukinga maji hayakutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote, yapata 90,000, iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256.

Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi na miti ikachipua. Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine: ng'ombe walipelekwa kwa ndugu wa mbali, watoto wakakosa maziwa, shamba likakosa samadi, na mnyama wa kuuza wakati wa njaa hakuwa tena karibu. Hasara hizo zilikuwa za kutabirika kabisa, kama mtu angewauliza akina mama kabla ya amri. Ilichukua miaka kumi hivi kabla ya ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini kuruhusiwa.

Shinyanga ilikwenda njia nyingine. HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, wataalamu walitegemea sana miche ya vitaluni. Baadaye waliigeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa masika na kuyafungua kiangazi, majani yanapokwisha kwingine. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu vijijini, ilikuwa imewahamisha wengi mbali na ngitili zao. Sasa zikafufuliwa kwa sheria za wananchi wenyewe: dagashida, baraza la jadi, ikiamua na kutoza faini, sungusungu, walinzi wa jadi, wakilinda. Kutoka hekta 600 hivi mwaka 1986, zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, mwenye ardhi kubwa alinufaika zaidi ya asiye nayo. Kijiji kina tajiri na maskini, mfugaji na mkulima, na kila mmoja ana lake la kusema.

Kwa hiyo afisa mipango asiridhike na orodha ya mahudhurio ya mkutano wa kijiji. Aonyeshe ni kipengele gani cha mradi kilibadilishwa na maneno ya wanakijiji. Kama hakipo, arudi akawasikilize kabla ya fedha kutoka.

Itaendelea.