Kijana Asiyependa Kusoma: Mzazi Aanzie Wapi?

Wazazi wengi wenye watoto wa sekondari hutoa malalamiko yanayofanana: kijana hukaa na simu saa nzima bila kuchoka, lakini akipewa kitabu husinzia kabla ya kufika ukurasa wa tatu. Haraka huitwa mvivu. Mara nyingi jina hilo si la haki. Kijana anayekwepa kitabu aghalabu ni yule ambaye kusoma kunamchosha kuliko wenzake: hukwama kwenye maneno, hufika mwisho wa aya akiwa amesahau mwanzo wake, na huona aibu kukiri kwamba hakuelewa.

Hali hiyo hudhihirika zaidi kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za umma mwanafunzi husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akisoma kwa shida sasa hubeba mizigo miwili. Madhara yake hayaishii katika masomo ya lugha, kwa kuwa hata swali la Baiolojia au Jiografia lazima lisomwe na kueleweka kwanza. Asiyeelewa swali hukosa alama za jibu analolijua.

Kitabu kinachomfaa

Hatua ya kwanza ni kumpa kijana kitabu anachokimudu na kumwachia nafasi ya kuchagua. Kipimo chepesi ni vidole vya mkono mmoja: afungue ukurasa wowote na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kisubiri.

Ni busara kuanza na Kiswahili, kwani mazoea ya kufuatilia maana humfaa msomaji katika lugha yoyote. Apendaye visa vya upelelezi anaweza kujaribu Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla. Apendaye hadithi za ajabu, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Kurasa za michezo za gazeti nazo ni usomaji halali. Kitabu kikimchosha, aruhusiwe kukiacha na kuchukua kingine.

Dakika 20 kila siku

Haba na haba hujaza kibaba. Anayesoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili humaliza kurasa 10 kwa dakika 20, na kitabu cha kurasa 120 kwa siku 12. Saa iwe ile ile kila siku, simu ziwekwe kando, na ikiwezekana mzazi naye ashike gazeti au kitabu chake. Kusoma kusitumiwe kamwe kama adhabu.

Soma, simama, simulia

Kumaliza kurasa si kuelewa. Kila baada ya aya chache kijana afunge kitabu na kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichosoma. Akishindwa, arudie aya hiyo bila kukemewa. Neno geni alikisie kwanza kutokana na sentensi ilimo, kisha alihakiki katika kamusi. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia vilevile kwa kuuliza: Nani alifanya nini? Kwa nini? Unadhani kitafuata nini? Swali la mwisho ndilo humrudisha msomaji kitabuni kesho yake.

Pa kupata msaada

Mzazi aanze kwa mwalimu wa darasa na kuulizia utaratibu wa kuazima vitabu vya maktaba ya shule. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania nayo huendesha maktaba za umma katika miji mikuu ya mikoa. Iwapo kijana hulalamika kuumwa kichwa au husogeza kitabu karibu mno na uso, apelekwe kituo cha afya kupimwa macho kabla ya kulaumiwa. Huenda anachokosa si bidii, bali miwani.