Panya Aliyekufa Darini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo tunaanza na panya, tena panya aliyekwisha kufa.

Kule Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kuna baridi ya kuwafanya watu waote moto ndani jioni. Mahindi huhifadhiwa darini juu ya jiko, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Wadudu wanafukuzika, lakini panya, thubutu! Wanakula humo, wanazaa humo, na viroboto wao wamo mwilini mwao. Chini sakafuni, watoto wamelala.

Mwaka 1980 tauni iliingia wilaya hiyo. Ikawa inazuka na kutulia, inazuka na kutulia, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Waliougua walizidi 7,000, na mamia walifariki. Wanawake na watoto waliugua zaidi, na wataalamu wakaanza kutazama nani analala wapi.

Sasa sikilizeni ujanja wa ugonjwa huu. Bakteria wa tauni huzaana tumboni mwa kiroboto hadi wakaziba njia ya chakula. Kiroboto anafyonza damu, haishuki. Njaa inamzidi, anauma tena na tena, na kila akiuma anatapika bakteria kwenye kidonda. Panya akifa, mwili unapoa. Kiroboto hana kazi na mwili uliopoa, anaruka kutafuta mwenye joto. Aliye karibu ni nani? Ndiyo, yule aliyelala chini.

Kwamba kiroboto ndiye anayeitoa tauni kwa panya kuligunduliwa na daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, mwaka 1898 mjini Karachi. Alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto pamoja na panya mzima aliyetengwa ndani ya kizimba cha waya. Hawakugusana hata kidogo, lakini yule mzima naye akafa. Wenzake wengi walimcheka kwa miaka kadhaa. Hivyo ndivyo wakubwa tulivyo, tunacheka kwanza.

Turudi mlimani. Zahanati inaweza kuwa mbali, na njia ni makorongo na utelezi. Ndiyo maana kijijini huhitajika mhudumu wa afya ya jamii. Huyu si daktari. Ni jirani aliyefundishwa dalili za kuziangalia, akapewa daftari, na kila nyumba anaijua kwa jina la bibi wa pale. Tuseme anabisha hodi.

"Shikamoo, bibi. Hamjambo humu?"

"Marahaba, mwanangu, hatujambo. Ila panya wanajifia tu huko juu, wala sijatega sumu."

Mtu mwingine angesema afadhali, mahindi yamepona. Mhudumu anashika kalamu. Wamekufa wangapi, tangu lini? Kuna mwenye homa ya ghafla? Kuna mwenye mtoki, yaani uvimbe unaouma kinenani au kwapani? Anakataza mtu yeyote kumshika panya aliyekufa kwa mkono mtupu, kisha anapiga simu zahanati.

Haraka hiyo ina sababu. Tauni ya mtoki isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Dawa za kuua bakteria zikianza mapema, wengi hupona. Lakini ikishuka mapafuni, mgonjwa huambukiza wenzake kwa kukohoa, na hapo kuchelewa siku moja tu kwaweza kuua.

Haya, mnaambiwa panya ndio wenye ugonjwa. Mtafanya nini? Najua, mmeshashika fimbo! Acheni kwanza. Mkiua panya wote leo, viroboto wao watahamia kwenu usiku huu. Kwanza hunyunyizwa dawa ya viroboto kwenye nyumba na njia za panya, ndipo mitego ifuate. Kuwaeleza hivyo wanakijiji wenye hasira si kazi ndogo, na mgeni aliyeteremka garini asubuhi hiyo haiwezi kirahisi. Jirani wanayemjua atasikilizwa.

Na kazi ngumu zaidi huja tauni ikitulia. Miaka inapita bila mgonjwa, watoto waliozaliwa baadaye hawajui hata jina lake, na mhudumu bado anauliza habari za panya. Vijana wa kijiweni watamtania, watamwita Bwana Panya. Wengine wataacha kumpa taarifa, kwa kuona ni usumbufu. Naye, kama anaijua kazi yake, atacheka nao, kisha ataandika kwenye daftari: wiki hii, hakuna panya aliyekufa.