Svalbard: Walimaliza nyangumi, sasa wanauza mandhari

WAKULIMA wengi wamelisikia jina la Svalbard kwa sababu ya ghala la mbegu la dunia lililofunguliwa huko Februari 2008, ambapo marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikuwa miongoni mwa walioingiza boksi la kwanza. Lakini visiwa hivyo vya Norway, vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, vina somo jingine la uchumi, nalo linapatikana katika meli za watalii.

Karibu asilimia 60 ya ardhi yake imefunikwa na barafu. Kila kiangazi meli hutoka mji wa Longyearbyen na kufuata pwani kuelekea kaskazini, zikiingia ghuba moja baada ya nyingine. Abiria hushuka nchi kavu kwa mashua za mpira, wakiongozwa na watu wenye bunduki kwa hofu ya dubu weupe. Mbele ya kuta za barafu ndege wa baharini hujaa, kwani maji yanayoyeyuka chini ya barafu hupanda na kuwaletea chakula juu.

Pwani hiyo imewahi kuvunwa kwa namna nyingine. Waholanzi wakiongozwa na Willem Barents waliifikia mwaka 1596. Katika karne ya 17 wenzao walijenga Smeerenburg, kambi ya kuyeyusha mafuta ya nyangumi. Kila meli ilivua kadiri ilivyoweza. Nyangumi walikaribia kwisha na kambi ikabaki magofu. Wakafuata walrasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe mbili ndefu, hadi walipolindwa kisheria mwaka 1952. Dubu walilindwa mwaka 1973. Hata makaa ya mawe yamefikia ukingoni: mgodi wa mwisho wa Norway visiwani humo ulifungwa mwaka 2025.

Kwa mchumi, hesabu ni rahisi. Ngozi ya dubu huuzwa mara moja tu, lakini dubu aliye hai huwaleta wageni kila msimu. Hata hivyo, wageni wakizidi nao huharibu mtaji.

Ndiyo maana tangu Januari 1, 2025, meli inayoingia maeneo ya hifadhi hairuhusiwi kuwa na abiria zaidi ya 200, na katika maeneo hayo watalii hushuka sehemu 43 tu zilizotengwa. Ni lazima kukaa mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya Machi 1 na Juni 30. Mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku mwaka 2022.

Wafanyabiashara wa utalii walilalamika, na hoja yao ina uzito. Makaa yakiisha, mji utategemea zaidi hoteli, maduka na waongoza watalii.

Lakini sheria yenyewe ina mwanya. Kikomo ni cha abiria kwa meli, si cha idadi ya meli kwa msimu. Meli 10 zenye abiria 200 kila moja bado ni watu 2,000. Mvuvi wa Ziwa Victoria analielewa hilo: ukipima matundu ya nyavu bila kuhesabu mitumbwi, samaki wataendelea kupungua. Norway nayo, mapema au baadaye, italazimika kuzihesabu meli.