Kichwani, begani au mgongoni? Kuchagua chombo cha kubebea mzigo katika miteremko ya Ikuti

MKUNGU wa ndizi unaouzwa katika soko la Mabibo jijini Dar es Salaam, lile ambalo wakazi wa jiji wamelizoea kwa jina la Mahakama ya Ndizi, hufika hapo kwa lori. Lakini kabla ya kupakiwa katika lori hilo, mkungu huo ulipandishwa au kuteremshwa kilima ukiwa juu ya mwili wa binadamu. Sehemu hiyo ya kwanza ya safari, ambayo aghalabu haizidi kilomita chache, ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana katika bei anayolipa mlaji.

Kata ya Ikuti, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hilo kwa makini. Rungwe ni nchi ya udongo wa volkano, vilima na mabonde, na mvua yake ni nyingi kuliko ya sehemu kubwa ya Tanzania: mji wa Tukuyu, makao makuu ya wilaya, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo na mvua hiyo ndivyo vinavyostawisha migomba, chai, kahawa, maparachichi na viazi. Lakini ndivyo pia vinavyofanya njia za kutoka shambani ziwe za utelezi kwa miezi mingi, na bodaboda ikwamie mahali ambapo mkulima bado ana safari ya kwenda.

Swali la kujiuliza basi ni hili: mtu anayelazimika kubeba mzigo mzito kwa mguu katika mazingira hayo achague chombo gani, na aupange vipi mzigo wake?

Mzigo si uzito peke yake

Watu wengi hupima ugumu wa mzigo kwa kilo zake tu. Ukweli ni kwamba kilo 25 za maharage ndani ya gunia si sawa na kilo 25 za mzinga wa nyuki. Kuna mambo matatu ya kuzingatia pamoja na uzito.

La kwanza ni umbali wa mzigo kutoka mwilini. Kitu kinachoning'inia nyuma, mbali na mgongo, humvuta mbebaji chali, naye hulazimika kuinama mbele ili asianguke. Misuli ya kiuno hufanya kazi muda wote, hata anaposimama kupumzika. Mzigo ule ule ukibanwa karibu na mgongo, mwili husimama wima na kazi hiyo hupungua.

La pili ni kimo cha mzigo. Uzito ukiwa juu, mtu hutembea wima, na katika njia tambarare hilo ni jambo jema. Katika mteremko wenye utelezi, uzito wa juu ndio unaomwangusha mtu, kwa kuwa kuyumba kidogo kwa mguu huwa kuyumba kukubwa kwa mzigo.

La tatu ni kiungo kinachopokea uzito. Shingo na mabega ni viungo dhaifu vikilinganishwa na nyonga na mapaja. Chombo kizuri cha kubebea ni kile kinachouhamisha uzito kutoka juu na kuushusha kwenye nyonga, ili miguu ndiyo ifanye kazi.

Kichwani: sifa yake na mipaka yake

Kubeba kichwani kwa kutumia ngata ni ustadi wa karne nyingi katika Afrika Mashariki, na si busara kuudharau. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake. Walipima nguvu inayotumiwa na wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu wanayotumia kutembea.

Habari hiyo ilishangaza dunia, lakini isomwe kwa uangalifu. Kwa mwanamke mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mkungu mmoja uliokomaa vizuri waweza kufika kilo 30 au kuzidi. Zaidi ya hapo, vipimo vile vilifanywa mahali tambarare, si katika kilima chenye matope.

Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba nafuu hiyo haimpati kila mtu. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 haukuona kwamba kubeba kichwani kwa jumla kunaokoa nguvu kuliko kubeba mgongoni. Ulichobainisha ni kwamba maumivu ya shingo ndiyo yanayowawekea kikomo wanaobeba kichwani.

Kwa hiyo ngata inabaki kuwa chaguo zuri kwa mzigo mwepesi, wenye umbo la mviringo au bapa, katika njia iliyo sawa. Ndoo ya maji ni mfano mzuri. Mkungu wa kilo 30 katika mteremko wa utelezi si mfano mzuri.

Begani

Kubeba begani, au kwa mzega wenye mizigo miwili kwenye ncha za mti, kunafaa kwa umbali mfupi na njia pana. Faida yake kubwa ni kwamba mbebaji huweza kuutua mzigo haraka au kubadilisha bega. Hasara yake ni kwamba uzito huelemea upande mmoja na uti wa mgongo hupinda. Mzega nao huhitaji nafasi ya kupishana, jambo lisilowezekana katika vijia vinavyopita katikati ya migomba.

Historia yetu inawakumbuka wabebaji hao. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 27 hadi 32 kutoka bara hadi pwani, begani na kichwani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza liliwakusanya Waafrika kwa maelfu mengi katika kikosi cha wabebaji, na ni kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho Kariakoo ilipata jina lake. Wabebaji wengi sana walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Tangu wakati huo magari yamekuja, lakini kati ya shamba na barabara kazi ya mpagazi haijakoma.

Fremu ya mgongoni

Kuna kundi moja la watu ambao tatizo lao linafanana sana na la mkulima wa Ikuti, ingawa wako mbali naye: wawindaji wa kulungu nchini Marekani. Wengi wao huwinda wakiwa wameketi juu ya mti, katika kiti cha chuma wanachokifunga kwenye shina. Kiti hicho ni kizito, kina pembe nyingi na hakiingii katika shanta la kawaida. Kinapaswa kupelekwa msituni kwa mguu, pamoja na kamba na mavazi, na wakati wa kurudi huenda kukawa na nyama ya kubeba.

Suluhisho lao limekuwa fremu: umbo kama ngazi fupi linalokaa mgongoni, ambalo mzigo wa umbo lolote hufungwa juu yake. Mwaka 1924 Mmarekani Lloyd Nelson alipata hataza ya fremu ya mbao yenye turubai iliyowambwa ili mbao zisiguse mgongo. Wazo lenyewe alilitoa kwa wenyeji wa Alaska, waliotumia vijiti na ngozi ya sili. Mnamo mwaka 1952 Dick Kelty alianza kuuza fremu za alumini, na akaeneza matumizi ya mshipi wa kiunoni. Mshipi huo ndio uliobadilisha mambo, kwani sehemu kubwa ya uzito ilitoka mabegani na kukaa kwenye nyonga.

Anayechagua au kutengenezesha fremu aangalie mambo yafuatayo. Urefu wake ulingane na mgongo wa mbebaji, toka nyonga hadi mabega, kwa kuwa fremu ya mume haiwezi kumfaa mke bila kurekebishwa. Chini yake kuwe na kibao kilichochomoza ambacho mzigo utakikalia, la sivyo mkungu utateremka kadiri mtu anavyotembea. Mikanda ya mabega iwe mipana, kwani mkanda mwembamba au kamba tupu hukata damu na kutia ganzi mikononi. Mshipi wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, na uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja. Mtu akiteleza, lazima aweze kuutupa mzigo kabla haujamwangukia.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji kuagizwa ng'ambo. Seremala wa kawaida anaweza kuunganisha miti miwili mikavu na vipande vinne vya kukatisha. Mianzi inafaa. Mikanda yaweza kukatwa kutoka katika tairi kuukuu, mpira ule ule unaotengenezewa katambuga, ikashonewa gunia lililokunjwa ili isichubue.

Mzinga wa nyuki

Mzigo unaokaribiana zaidi na kile kiti cha mwindaji ni mzinga wa nyuki, uwe wa gogo au wa sanduku, ambao nao hupelekwa hadi chini ya mti na kisha kutundikwa. Hapa kanuni ni mbili. Kwanza, mzinga ubebwe mtupu, ukiwa wima juu ya fremu na umebanwa kwa kamba mbili, ya juu na ya chini. Pili, mbebaji asipande mti akiwa nao mgongoni hata kama ni mwepesi. Apande na ncha ya kamba tu, kisha auvute mzinga baada ya kukaa imara, au wenzake wauvute kutoka chini kwa kuipitisha kamba juu ya tawi. Wakati wa kurina, asali iteremshwe kwa ndoo yenye kifuniko na kubebwa kwa fremu hiyo hiyo.

Kilo ngapi?

Wapanda milima wengi hufuata kanuni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi robo ya uzito wa mwili. Katika Mlima Kilimanjaro, mzigo anaopewa mpagazi hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na hupimwa langoni. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha juu kwa mwanamume mtu mzima, na kutaka wanawake na vijana wabebe pungufu sana ya hapo.

Wapo wanaobeba zaidi. Wapagazi wa Nepal waliopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 walibeba, kwa wanaume, wastani wa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa miili yao. Siri yao ni mwendo: hutembea polepole, hupumzika mara nyingi, na hubeba fimbo fupi ya kuegemezea mzigo bila kuutua. Fimbo hiyo na mwendo huo vinafaa kuigwa Rungwe. Uzito ule haufai.

Nani hulipa?

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Mkulima anajua kwamba mkungu wa kilo 30 ungebebeka kwa urahisi ukikatwa chane na kugawanywa katika safari mbili. Lakini kwa kawaida mchuuzi hununua mkungu mzima, kwa kuutazama kwa macho, na mkungu uliokatwa hupoteza bei. Vivyo hivyo kwa viazi: Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa sababu inampunja mkulima, lakini gunia lililojazwa kupita kiasi linamuumiza pia yule anayelibeba. Namna mazao yanavyouzwa ndiyo inayoamua uzito wa mzigo, na gharama yake huangukia shingo na kiuno cha mtu ambaye, mara nyingi, ni mwanamke.

Kwa hiyo fremu haitamaliza tatizo. Mahali ambapo njia inaruhusu toroli, gurudumu litashinda mgongo wowote. Mauzo kwa kilo yangemwezesha mkulima kugawanya mzigo bila hasara, na barabara za vijijini zinazopitika mwaka mzima zingefupisha safari yenyewe. Hayo ni mambo ya halmashauri, vyama vya ushirika na wanunuzi.

Wakati hayo yakisubiriwa, chaguo la leo liko wazi. Mzigo mwepesi katika njia sawa ubebwe kichwani. Mzigo mfupi wa kutua na kuinua ubebwe begani. Mzigo unaozidi kilo 12 au 15 katika kilima chenye utelezi ufungwe kwenye fremu yenye mshipi wa kiunoni, na mkono mmoja ubaki huru kwa ajili ya fimbo. Kaya inayonunua jembe na panga bila kusita haina sababu ya kuiona fremu hiyo kuwa anasa. Ni zana ya kilimo kama hizo nyingine, na kazi yake ni kumlinda yule anayezishika.