Farasi wa Katuni na Gari la Moshi

Mvua ya Kericho haina adabu kwa mgeni. Humngoja mtu wa pwani atoke na kanzu yake iliyopigwa pasi, ikamrudisha mbio ndani asitoke tena mpaka magharibi. Ndivyo ilivyonifika wakati wa likizo ya shule, nilipokwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Watoto wa nyumba na wenzao wa Kikipsigis wa jirani walikuwa wamejipanga mkekani mbele ya televisheni, nami nikajibanza nyuma yao na kikombe cha chai ya mkandaa. Sinema waliyoiweka ni ya michoro, yaani katuni. Inaitwa Spirit: Stallion of the Cimarron, na ilitolewa na kampuni ya DreamWorks ya Marekani mwaka 2002.

Si mpya, na pengine wasomaji wengi wameshawaona wajukuu zao wakiitazama. Lakini naona haijapata kuzungumzwa inavyostahili, hasa na sisi ambao mambo yake yanatugusa.

Kisa ni cha farasi dume wa mwituni, mwenye rangi ya mchanga mkavu na singa nyeusi, aliye kiongozi wa kundi lake katika nyika za magharibi ya Marekani. Anakamatwa na kupelekwa katika ngome ya askari wa farasi. Huko Kanali anaamuru afungwe kigingini siku tatu bila maji wala majani, ili roho yake ivunjike. Haivunjiki. Anatoroka pamoja na kijana mmoja wa Kilakota, Little Creek, ambaye naye ni mfungwa. Anakaa kijijini kwa Walakota na kumpenda jike aitwaye Rain. Askari wanakivamia kijiji. Yeye anakamatwa tena na kutiwa kazini kuburura kichwa cha gari la moshi mlimani. Mengine nitayasema mbele.

Fadhila kubwa ya sinema hii ni kwamba farasi hasemi. Katika katuni nyingi mnyama hupewa mdomo wa binadamu, akapiga domo tangu mwanzo hadi mwisho, hata mtu akasahau kwamba ni mnyama. Hapa farasi ni farasi. Analia kama farasi, anakoroma, anapiga kwato chini. Mimi nimekulia penye punda, na najua kwamba punda akikataa kwenda, masikio husema kabla ya miguu. Wachoraji hawa walilijua hilo. Tazama masikio ya Spirit yanavyolala nyuma Kanali anapomsogelea, na ngozi ya bega inavyotetemeka tandiko linapoguswa. Miongoni mwa watazamaji wetu alikuwamo mtoto wa miaka minne asiyejua Kiingereza hata neno, na hakuna alichopitwa nacho.

Nami nilijikuta nikirudi chuoni. Sisi tulimjua farasi kwa sikio kabla ya kumwona kwa jicho, katika Suratul Adiyat, pale mwalimu alipokuwa akitueleza mbio na vumbi na cheche za kwato, na sisi tumekaa vigwe tukimfikiria punda wa mchukuzi wa mawe. Watoto wa Kericho na Bomet nao wanamjua punda wa kubeba maji na maziwa, farasi hawajamwona. Wachoraji hao waliochanganya kalamu ya mkono na kompyuta wamewaonyesha mbio zenyewe.

Sasa kasoro. Farasi hana nyusi, lakini huyu wamempa, na kila akikasirika zinapanda na kushuka kama za mwalimu mkuu. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni nyimbo. Muziki wa ala uliotungwa na Hans Zimmer ni mzuri, wala sina neno nao. Lakini juu yake ameletwa Bryan Adams, mwimbaji wa Kanada, kutuimbia yale yale tunayoyaona. Farasi anakataa kushindwa. Wimbo unatuambia kwamba hatashindwa. Farasi anatamani kwao. Wimbo unatuambia kwamba anatamani kwao. Na nyimbo zikinyamaza, inakuja sauti ya Matt Damon kusimulia yaliyomo moyoni mwa mnyama. Mtu aliyezoea kutunga mashairi anajua kwamba kibwagizo kikishafunga maana, kuongeza ubeti ni kuharibu. Wenyewe walikwishaamua farasi asiseme; kisha wakaogopa ukimya wake.

Lakini kasoro iliyonikaa moyoni iko mwishoni, na aliyeniashiria ni mjukuu wangu. Farasi anapogundua kwamba ile reli inakwenda kwao, anajifanya amekufa, anakata minyororo, na lile dude la chuma linateremka mlimani na kuteketea. Watoto wote wakapiga makofi. Yeye akanigeukia, "Babu, hawakuleta jingine?"

Walileta, mwanangu. Reli ya kuvuka Marekani kutoka mashariki hadi magharibi ilikamilika mwaka 1869, na nchi ya Walakota ikaliwa kipande kwa kipande. Sinema haisemi hilo. Inamfungulia farasi mlango wa nyumbani, na Walakota inawaacha nyuma, wasijulikane yaliyowafika.

Swali hilo liliulizwa mahali penye jibu. Reli iliyoanza kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipita katika nchi ya Wakipsigis kwenye kituo kilichoitwa Lumbwa, leo Kipkelion. Wanandi, ndugu zao, walikuwa wamesimuliana utabiri wa nyoka atemaye moshi na moto, na waliipinga serikali ya Waingereza kwa miaka kumi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano alioitiwa kwa jina la suluhu. Aliyempiga risasi ni ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo walikuja walowezi, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza kupanda chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini na utabiri wa Wakipsigis, kutoka Kericho hadi Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Dai la ardhi hiyo bado lipo, na limefika hadi kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa.

Ndiyo maana ile picha ya mwisho ya Kanali ilinipita kooni kama mwiba. Farasi ameruka genge na Little Creek mgongoni. Askari anainua bunduki. Kanali anaishusha kwa mkono wake, kisha anainamisha kichwa kwa heshima na kwenda zake. Ni picha iliyochorwa kwa ustadi, na yafaa kusifiwa kwamba mwovu hakufanywa zimwi. Lakini Koitalel hakuinamishiwa kichwa na mtu.

Je, tuwazuie watoto? La, hasha. Ni dakika 83 zisizo na jambo la kumtia mzazi haya, mbele ya wakwe hata wavyele, ingawa moto wa msituni uliwafanya wadogo wajifiche nyuma yangu. Nawashauri wazazi wapunguze sauti nyimbo zinapoanza, na wasiondoke chumbani kwenda kuongea na simu. Yule mjukuu wangu nilimjibu yote niliyoyaandika hapa, kwa maneno ya umri wake, na wale watoto wa jirani wakasogea karibu kusikiliza. Mkubwa wao alinisahihisha jina la kituo.