Haki ya Kunakili: Linux kwa Watu wa Alimbongo

Barabara kuu ya taifa namba 2 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, itokayo Goma na kupita Rutshuru, Kanyabayonga na Kirumba kabla ya kufika Lubero, Butembo na Beni, hupanda milima ya Alimbongo, kwenye kimo kinachozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi haiishi na ambako viazi ni tegemeo la mkulima. Huko, kama katika sehemu nyingi za Kivu ya Kaskazini, intaneti hununuliwa kwa mega, umeme hutokana na jua au jenereta, na kompyuta aghalabu ni kuukuu, zimekwisha tumika kwingine kabla ya kupanda mlima. Ndani yake mara nyingi mna Windows isiyo na leseni, iliyopita mkono hadi mkono katika flashi pamoja na virusi vyake. Na mwenye kuitumia, ijapokuwa hana nia mbaya hata chembe, hujikuta anatumia mali ya watu bila ya idhini.

Ipo njia iliyo halali. Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU, akikusudia programu ambazo kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuzitumia kwa kazi yoyote, kuzichunguza, kuzigawa na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo ina werevu wa wakili stadi: sheria ya hakimiliki, ambayo kwa desturi humzuia mtu asinakili, yenyewe huitumia kumthibitishia kila mpokeaji haki ya kunakili. Wala haikatazi bei. Mgawaji aweza kudai fedha ya flashi na ya umeme, ila hawezi kumnyima aliyepokea haki ya kumpa jirani yake, tena ni faradhi yake asimfiche msimbo wa asili wa programu hiyo.

Kugawa kwa namna hii kumekwisha jaribiwa Afrika. Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ulikuwa ukituma CD kwa posta kwa yeyote aliyeomba, bila ya malipo ya CD wala ya stempu, mpaka mwaka 2011. Huko huko Afrika ya Kusini, Shuttleworth Foundation iligharimia vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster, ambapo mtu alikuja na CD tupu, akachagua alichokitaka, akaondoka nayo imejaa. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili, jambo lililowezekana kwa kuwa leseni yake haikumlazimu mtafsiri kwenda kumwomba mtu rukhsa.

Kituo cha jamii cha Alimbongo, kiwe ukumbi wa parokia au chumba cha shule, kingehitaji vitu vichache. Mtu aendaye Butembo kwa shughuli zake apakue huko aina mojawapo ya Linux, kama Linux Mint au Debian Live, yenye ukubwa wa gigabaiti chache tu, arudi nayo. Kuanzia hapo kuinakili hakuli mega hata moja. Lakini kabla ya kuigawa na athibitishe usalama wake: kompyuta huisoma faili nzima na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 64, ambao hauna budi kulingana na ule uliotangazwa na watungaji, na ukitofautiana hata alama moja, faili imeharibika njiani au imechezewa, nayo ifutwe. Kisha iandikwe katika flashi kwa programu mahsusi, kwani kuiburuta na kuidondosha humo hakutoshi. Mgeni huichomeka, huwasha mashine huku akibonyeza F12 au kitufe kingine kwa kadiri ya mtengenezaji, na Linux hufunguka katika kumbukumbu pasipo kugusa diski. Aandike barua katika LibreOffice, ajaribu printa, asikilize sauti. Akiridhika, na akiisha kuweka akiba ya mafaili yake mahali pengine, ndipo aisimike, maana kusimika huweza kufuta kila kilichomo diskini.

Walakini nakala peke yake ni nusu ya kazi. Mwalimu aliyezoea Windows atakuta menyu zimehama. Printa moja itafanya kazi na nyingine itagoma. Na programu fulani za uhasibu hazikutungwa kwa ajili ya Linux, hivyo mwenye kuzitegemea aelezwe ukweli huo mapema asije akajuta. Hapo ndipo ukarimu wa posta ulipokuwa na upungufu: CD ilifika, mwalimu hakuja nayo. Kituo kilicho karibu chaweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa na siku maalumu ambayo watu huleta mashine zao na maswali yao, kwa kuweka kompyuta moja inayotunza masasisho yaliyokwisha kupakuliwa, nyingine zikayachota humo kwa waya, na kwa kuwapa wanafunzi Wikipedia ya Kifaransa kwa njia ya Kiwix, isomwayo bila ya intaneti, na michezo ya elimu ya GCompris.

Kwa hiyo wazee wa kituo wakipata fedha kidogo, wasikimbilie kununua kompyuta mpya. Wampe posho kijana mmoja mwenye subira, wamlipie nauli ya kwenda Butembo kujifunza, na wamwekee sharti kwamba kila amfundishaye naye amfundishe mwingine. Maana haki ya kunakili leseni imekwisha kuitoa, na kilichobaki ni mtu wa kuitumia kwa manufaa ya wenziwe.